Gisenyi mpaka Goma kwa ndege: dakika ngapi?

 Safari hii tunaandika juu ya swali lililotupwa kwenye kundi letu usiku, likaleta kicheko kwanza, halafu likaleta kimya.

Mmoja wetu anangoja kuhamishiwa nchi ya mbali. Usiku huo alikuwa anahesabu saa za ndege: Kigali mpaka wapi, saa ngapi, kusubiri wapi, halafu wapi tena. Alipochoka kuhesabu akaandika: "Na Gisenyi mpaka Goma kwa ndege ni dakika ngapi?"

Tukacheka. Nani anapanda ndege kutoka Gisenyi kwenda Goma? Ni miji miwili iliyogusana. Mtoto akipiga mpira vibaya upande huu, unaokotwa upande ule. Mwingine akajibu, "Dakika moja, na hapo rubani amezubaa." Kicheko tena. Kisha ikaingia sauti ya mama mmoja ambaye hutumia simu ya mwanawe, mama anayeheshimika sana kati yetu. Alisema hivi: "Dakika moya? Miye nilimaliza siku ine, na mutoto ku mugongo."

Hakuna aliyecheka tena. Ndipo tukaona swali hili lichimbwe vizuri, maana lina jibu la hesabu na lina jibu la historia, na majibu hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Tuanze na hesabu, tulisoma jiografia sekondari na hatutaki ipotee bure. Viwanja viwili vipo kweli. Goma wana uwanja wao wa kimataifa, ule tunaouita aeropo, na alama yake kwenye tiketi ni GOM. Gisenyi nayo ina uwanja, mdogo, katikati ya mji, na alama yake ni GYI. Watu wengi wanaopita Rubavu hawajui kama upo. Umbali wa ndege hupimwa kwa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, kutoka nukta ya uwanja mmoja hadi nukta ya uwanja wa pili. Mstari huo haujui kona, haujui mlima, haujui mpaka. Nukta zenyewe huandikwa kwa digrii, dakika na sekunde. Kati ya Goma na Gisenyi tofauti ya longitudo ni dakika moja na sekunde 14 hivi. Huku kwetu karibu na ikweta, dakika moja ya longitudo ni kama kilomita 1.85, kwa hiyo unapata kama kilomita 2.3 kwenda mashariki. Upande wa kusini ni sekunde 23 hivi, yaani mita 700. Ukimwita Pythagoras akufanyie kazi yake, jibu ni kama kilomita 2.4.

Kilomita 2.4! Ndege ndogo inayokwenda kilomita 250 kwa saa ingemaliza umbali huo kwa sekunde 35. Lakini wanaopiga hesabu za safari za ndege huongeza kama nusu saa kwa ajili ya kupaa, kuzunguka na kutua. Ukifuata kanuni hiyo utaambiwa safari ya Gisenyi mpaka Goma ni dakika 31. Na kwa dakika 31, mtu mwenye miguu mizuri ameshafika kwa kutembea. Pengine hapa ndipo mahali pekee tunapopajua ambapo ndege na mtembea kwa miguu wangefika pamoja, kama huyo mtembea kwa miguu angeachwa apite.

Sasa sikieni hili, ndilo lililotushangaza kuliko yote. Kabla ya mwaka 2002, njia ya kurukia ndege ya Goma ilikuwa na urefu wa kama mita 3,000. Yaani lami ya uwanja mmoja ilikuwa ndefu kuliko umbali wa kutoka uwanja huo mpaka uwanja wa jirani. Ukiichukua ile lami, ukaiweka mwanzo wake kwenye nukta ya Goma na kuielekeza Gisenyi, ingevuka mpaka, ingefika kwenye nukta ya Gisenyi na kubaki na mita 600 za ziada. Ndege ya Goma ilikuwa inakimbia chini kabla ya kuinuka kwa umbali ambao ungeitosha kuhama nchi.

Na kwa nini Goma kilomita tatu na Gisenyi kilomita moja tu? Wengine watasema ni ukubwa wa nchi, na ni kweli kidogo. Sisi tunaona sababu yenyewe ni barabara. Kutoka Gisenyi unapanda basi, lami tupu, unapita Musanze, saa tatu au nne uko Kigali. Ni kama kilomita 160 kwa barabara, na ndege ingeruka kama kilomita 100. Nani atangoja ndege? Lakini kutoka Goma hakuna barabara ya kukufikisha Kinshasa. Kuna kilomita kama 1,560 za anga, na chini ni msitu, mito na vita. Kwa hiyo mtu wa Goma akitaka kwenda mji mkuu wake ilimbidi apande ndege, saa mbili na kitu hivi. Hata Kisangani, hata Bunia, hata Beni barabara ilipokuwa na risasi, ilikuwa ndege. Mchuuzi wa kawaida kabisa, na mifuko yake ya samaki au maharagwe, alikuwa anapanda ndege kama wengine wanavyopanda daladala. Mtu akiona uwanja mkubwa anadhani ni alama ya utajiri. Ule wa Goma ulikuwa mkubwa kwa sababu watu hawakuwa na njia nyingine.

Mpaka wenyewe tusiupite haraka sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wajerumani walikuwa na kituo Gisenyi, Wabelgiji wakaweka chao Goma, wakitazamana. Waligombana juu ya ziwa hili na volkano hizi miaka mingi, wakakubaliana Brussels mwaka 1910, pamoja na Waingereza, wapi mstari upite. Ukapita hapa. Mwaka 1916, kwenye vita vile vikubwa, Wabelgiji wakaichukua Rwanda, na kuanzia hapo mpaka wakati wa uhuru pande zote mbili zilikuwa chini ya Mbelgiji mmoja. Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Rwanda tarehe 1 Julai 1962. Kuanzia hapo ule mstari ukawa na maana nyingine. Watu wa kawaida walibaki nao kama kitu cha kuvuka asubuhi na kurudia jioni. Kabla ya Korona, kwenye Petite Barrière peke yake walikuwa wanapita watu zaidi ya 40,000 kwa siku, wengi wao wamama wenye beseni la nyanya kichwani. Hakuna ndege duniani iliyobeba watu wengi namna hiyo kwenye njia fupi namna hiyo.

Lakini kuna siku ambazo njia hiyo fupi ilibeba vitu vingine.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu kama 800,000 walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache tu, katikati ya mwezi. Walikuwamo wauaji, wanajeshi walioshindwa na Interahamwe wao, na walikuwamo wazee na watoto waliofuata wengine bila kujua waendako. Kundi letu lina watu wenye kumbukumbu tofauti juu ya miaka hiyo, ndiyo maana tunaandika namba na tarehe, na mengine tunayaacha kwa wenye kuyasimulia wenyewe. Ardhi ya Goma ni mwamba wa lava. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kaburi. Maji yakawa machafu, kipindupindu kikaingia, na kwa mwezi wa kwanza inakadiriwa watu kama 50,000 walikufa. Na juu ya vichwa vyao ndege zilikuwa zinashuka mchana na usiku. Wafaransa walikuwa tayari kwenye uwanja wa Goma na ile operesheni yao ya Turquoise, Wamarekani wakaja na ndege kubwa za mizigo, mashirika ya misaada yakafuata. Dunia nzima ilijifunza jina la Goma kupitia ile lami. Kutoka Ulaya ndege ya maji na dawa ilichukua saa kama nane. Kutoka Gisenyi, mtu aliyekuja na kipindupindu alikuwa ametembea kilomita chache, na hao wawili walikutana kwenye uzio wa uwanja.

Mwaka 1996, kuanzia tarehe 15 Novemba, mkondo uligeuka. Kambi za Goma zilivunjika kwa vita, na watu zaidi ya 500,000 wakarudi Rwanda kwa siku chache, kwa miguu, kupitia Gisenyi. Barabara ileile. Mabegi yaleyale, kama mtu alikuwa bado nalo.

Yule mama wa "siku ine" hakuwa kwenye mkondo huo. Yeye ni wa Masisi, Mkongomani, na alivuka mapema mwaka huohuo akikimbia waliokuwa wanawachinja watu wake huko milimani. Tulimpigia tukamuuliza. Alisema siku tatu zilikuwa za kutoka Masisi mpaka Goma, usiku wakitembea, mchana wakijificha. Siku ya nne, nzima, iliishia kati ya aeropo na barrière. Tulimuuliza kwa nini siku nzima kwa sehemu fupi vile. Akasema: kila waliposogea hatua kumi, palikuwa na mtu wa kuuliza unakwenda wapi. Walikuwa wanaona milima ya Gisenyi mbele yao, na nyuma yao ndege zinapaa. Mtoto aliyekuwa mgongoni ndiye mwenye simu tunayotumia kumpigia.

Na hakumaliza safari alipovuka. Waliwekwa baadaye Mudende, mlimani, kaskazini ya Gisenyi, karibu sana na mpaka. Mwaka 1997 kambi ya Mudende ilishambuliwa mara mbili, Agosti na tena Desemba, na mamia ya wakimbizi wakauawa. Ukaribu ule ambao ungekuwa faraja, kuona kwenu kila asubuhi, ndio uliowaua. Waliobaki walipelekwa Gihembe, Byumba, mbali na mstari. Gihembe nayo ikafungwa mwaka 2021 kwa sababu mmomonyoko wa udongo ulikuwa unakula mlima, wengi wakahamishiwa Mahama. Kwa hiyo ukisikia wafanyakazi wapya wakiuliza kwa nini kambi zisiwekwe karibu na mpaka ili watu warudi kirahisi, mwambieni asome habari za Mudende kwanza.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Lava ikashuka mjini Goma, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na njiani ikapita juu ya uwanja wa ndege. Karibu theluthi moja ya njia ya kurukia, upande wa kaskazini, ikazikwa. Watu mamia kwa maelfu wakakimbilia wapi? Gisenyi. Walilala kwenye barabara, kwenye viwanja vya shule, popote. Na baada ya siku chache wengi wakarudi, wakitembea juu ya lava iliyokuwa bado ina moto chini. Watu waliowaona walishangaa: mnarudi kwenye nini? Lakini mtu wa Goma anajua kwamba nyumba isiyo na mtu si yake tena.

Ile lava iliyokaa kwenye lami ilibaki miaka mingi. Ndege ziliendelea kuruka kwenye kile kipande kilichobaki. Goma iko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na kwenye hewa nyepesi ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Kaskazini kuna lava na mlima wenye moto. Kusini, mwisho wa lami, kuna mtaa wa Birere, wenye nyumba za mbao zilizobanana na soko, ukishuka mpaka kwenye mpaka wa Rwanda. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9 ya Hewa Bora iliyokuwa inakwenda Kisangani ilishindwa kuinuka, ikatoka mwisho wa njia na kuingia kwenye soko la Birere. Watu kama 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa wanauza. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege nyingine ndogo, Dornier iliyokuwa inakwenda Beni, ilianguka kwenye mtaa wa Mapendo dakika chache baada ya kupaa. Kuna wakazi wa Goma waliokufa kwa ajali ya ndege bila kupanda ndege hata siku moja katika maisha yao.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, Nyiragongo tena. Safari hii lava ilisimama pembezoni mwa mji, karibu na uwanja, haikuuvuka. Maelfu wakavuka kuja Rubavu usiku uleule, na siku chache baadaye, mamlaka zilipoamuru watu waondoke kwenye sehemu kubwa ya mji, wakaja wengine. Na matetemeko ya ardhi hayakusimama barrière kuonyesha karatasi: nyumba za Gisenyi zilipasuka kama za Goma.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo wengi kwenye kundi walikuwa wamelisahau. Mtu akiuliza kama kuna ndege iliyowahi kutoka upande ule ikatua Gisenyi, jibu ni ndiyo. Tarehe 7 Novemba 2022, saa tano na dakika 20 asubuhi kwa saa za Rwanda, ndege ya kivita ya jeshi la Kongo, Sukhoi-25, iligusa ardhi kwenye uwanja wa Rubavu kwa muda mfupi, kisha ikainuka na kurudi Kongo. Rwanda ilisema anga yake imeingiliwa, na kwamba haikuchukua hatua ya kijeshi. Kinshasa ilisema ndege haikuwa na silaha na iliingia anga ya Rwanda kwa bahati mbaya.

Sisi si majaji wa mambo hayo. Lakini tulirudi kwenye hesabu yetu. Ndege kama hiyo ikienda kilomita 900 kwa saa inameza mita 250 kila sekunde. Zile kilomita 2.4 zinaisha kwa sekunde kumi hivi. Ukishasema "mimi rubani naona uwanja", umeshaupita, na pengine umeshapita na nchi. Tarehe 24 Januari 2023 ikatokea tena, na mara hii Rwanda ilifyatua. Video zilisambaa: Sukhoi inakwenda, kitu chenye moto kinaifuata, mlipuko, na ndege inaendelea mpaka inatua Goma ikiwa imeharibika. Rwanda ikasema ilikuwa ndani ya anga yake, Kongo ikasema ilikuwa ndani ya Kongo na kitendo kile ni uchokozi. Nchi mbili zikabishana juu ya mstari ambao kwa kasi ile unavukwa kabla hujafumba na kufumbua jicho.

Chini huku, mwendo ulikuwa unazidi kuwa wa polepole. Mwezi Mei 2022 Kongo ilizuia ndege za RwandAir, ambazo zilikuwa zinafika Goma, Lubumbashi na Kinshasa. Mwezi Juni mwaka huohuo, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwa risasi pale Petite Barrière, mpaka ukaanza kufungwa saa tisa mchana. Mama wa nyanya aliyechelewa kuuza alikuwa analala upande usio wake.

Halafu Januari 2025. Wote mnakumbuka mlikuwa wapi. Tarehe 27 M23 waliingia Goma. Makombora yaliangukia hata Gisenyi na kuua raia. Watu walivuka mbio: familia, wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, hata askari na wazungu mamluki waliosalimisha silaha zao mpakani na kupandishwa mabasi. Wengi wetu tuliojitolea kupokea watu tulilala saa mbili kwa usiku wiki ile. Uwanja wa Goma ukafungwa. Mwezi Februari Kinshasa ikafunga anga yake kwa ndege zote za Rwanda.

Kama hujaishi Gisenyi huwezi kuelewa kile kimya. Zamani ukikaa ufukweni jioni ulikuwa unasikia ndege za Goma: ile ya mizigo inayonguruma kama inaumwa, zile nyeupe za misaada na za MONUSCO zinazogeukia juu ya ziwa. Watoto walijua saa kwa ndege. Sasa unasikia maji ya ziwa na pikipiki.

Na umbali umebadilika. Ardhi haijasogea, lakini tupigeni hesabu mpya. Mgonjwa wa Goma aliyekuwa anaruka kilomita 1,560 mpaka Kinshasa, leo anavuka barrière kwa miguu au kwa kiti cha magurudumu, anapanda gari kilomita 160 mpaka Kigali, anaruka kama kilomita 760 mpaka Nairobi, kisha kama kilomita 2,400 kurudi magharibi, akipita tena juu ya nchi aliyotoka. Zaidi ya kilomita 3,100 za anga, mara mbili ya njia ya zamani, na hoteli, na tiketi ambazo bei yake hatutaki hata kuiandika. Akipitia Addis Ababa ni kilomita 4,500. Ninyi wa mashirika mnaijua njia hii vizuri, maana sanduku la chanjo nalo linapita Kigali na kungoja kwenye foleni. Tofauti ni kwamba ninyi pasi zenu zinafunguliwa bila maswali mengi, na hatuwalaumu kwa hilo, tunasema tu.

Tarehe 30 Oktoba 2025, kwenye mkutano wa Paris, Rais Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zijazo. Habari hiyo iliwekwa kwenye kundi dakika ileile. Mama wa Masisi akatuma sauti, fupi: "Wiki ngapi?"

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki ambalo ramani haikuweza kutujibu, basi Jumapili moja mchana tukaenda watano, kutoka kwenye uzio wa uwanja wa Gisenyi kuelekea Goma, kwa miguu, tukipima kwa saa ya simu. Tulipita karibu na shule, tukapita kwa wauza mahindi ya kuchoma, mmoja wetu akanunua hindi na tukamwambia muda wa kununua hautahesabiwa. Chukudu moja ikatupita, imebeba mkaa. Haikufika hata nusu saa, tukawa tumeiona Petite Barrière na nyumba za Birere nyuma yake. Nyuma ya Birere ndipo ulipo mwisho wa ile lami.

Hapo tukasimamisha saa. Mkimbizi akirudi mwenyewe kwenye nchi aliyokimbia, kadi yake inaanza kuulizwa maswali, na yule anayesubiri kuhamishwa alikuwa pamoja nasi. Askari mmoja alituangalia akauliza kama tunavuka. Tukamwambia hapana, tunapima tu. Akauliza tunapima nini. Mwenye hindi akamjibu, "Muda wa ndege," na yule askari akacheka sana, akatuambia tusisimame katikati ya njia, watu wanapita.